Maiti Aliomba Chai, Hakula Keki

Mtaani pale, ukitaka kumsifu mtu kwa usafi, ulisema anang'aa kama ametoka kwa Mama Pasi. Mama Pasi alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara: mlango wa bluu, meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa siku ambazo umeme umeamua kupumzika, na vikapu kumi na saba vimepangwa ukutani, kila kikapu na mwenyewe. Uani kulikuwa na mabeseni na kamba. Katikati ya vyote hivyo alikuwapo mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye hakuna aliyewahi kumwona na doa. Watu walimheshimu sana. Walidhani mtu anayeshinda kwenye sabuni lazima na moyo wake uwe umefuliwa.

Hawakujua walichokuwa wakimfanyia. Kila Jumatatu walimletea siri zao zikiwa zimekunjwa, wakamwachia, wakaondoka wakipiga mluzi. Yeye ndiye aliyejua nani anafuta pua kwa mkono wa shati. Alimjua bwana aliyeapa mbele ya watoto wake kwamba pombe ameacha, na kola yake ilipoguswa na pasi chumba kizima kilinukia baa. Alimjua bibi ambaye hapiki, anatuma kununua, kisha anajipaka unga kidogo kwenye aproni kabla mume hajarudi. Kwa dobi hakuna mstaarabu. Ikifika Jumamosi wote wanarudishiwa nguo zao zimenyooka, wanapita mbele ya mlango wake wa bluu kama watu wasiotoka jasho, naye anawaamkia mmoja mmoja kwa adabu. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo bila kufungua mdomo.

Jambo lingine la kumjua nalo ni wasiwasi. Kwake haukuwa ugonjwa, ulikuwa kazi ya pili. Mumewe alikufa binti yao akiwa na miaka sita, na tangu hapo Mama Pasi alikuwa na jicho moja kwenye pasi na jingine kwa binti. Binti akichelewa robo saa, mama alikuwa ameshamzika na kumwombolezea. Na kwa kuwa alikuwa dobi, hakuwa na haja ya kuuliza maswali. Alisoma pindo za sketi. Vumbi jekundu, alipita uwanjani. Mbegu za nyasi, alikaa chini akipiga soga na wenzake. Binti alipofika miaka kumi na saba alijifunza kukung'uta nguo kabla ya kuingia nyumbani, na hilo nalo mama alilisoma.

Siku moja akakuta unga wa mbao kwenye pindo. Mtaani kulikuwa na sehemu moja tu yenye unga wa mbao sakafuni, nayo ni banda la video nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, walikomwaga unga ule ili kufyonza soda zinazomwagika. Na kwenye banda lile, kila Jumamosi alasiri, zilionyeshwa filamu za Jalala.

Jalala hilo si jina alilopewa na mama yake. Walimpa watu, naye akalipokea, akaliandika kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila filamu. Alikuwa akizitengeneza mwenyewe, kwa kamera moja, kwenye ua wa nyumba aliyopanga, na watu waliozungumza juu yake walikuwa wa aina mbili: waliosema ni aibu ya mtaa, na waliosema ni aibu ya mtaa huku wakikumbuka kipande fulani na kuuma midomo wasicheke.

Mama Pasi alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akaenda kumtoa mwanawe kwa sikio. Aliingia taa zilipozimwa, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Akakagua vichwa vyote kimoja kimoja. Binti hakuwapo. Baadaye sana ilikuja kujulikana kwamba siku ya ule unga binti alikuwa amekwenda kwenye lile duka la vifaa kukatiwa ubao wa kuwekea vitabu. Lakini kabla Mama Pasi hajainuka kuondoka, filamu ilianza.

Ilikuwa ile ya *Mkwe Ndani ya Pipa*. Mama mkwe anafika harusini kabla ya wageni, anakuta keki ya ngazi tano peke yake mezani, anaila yote. Anavimba. Vifungo vinaruka, kimoja kinamzimisha mpiga picha. Wanamtia kwenye pipa ili wamfiche, pipa linaporomoka mteremkoni, linapita sokoni, linaingia ukumbini na kupasuka. Krimu inawafunika wageni wote kutoka utosini mpaka viatuni. Kisha bwana harusi analamba kidole chake, anafikiri kidogo, na kusema keki ni nzuri.

Mama Pasi alifungua kinywa ili amwite Mungu. Kilichotoka ni kicheko. Kilikuwa kikubwa, kibaya, cha mtu anayekoroma, naye akageuka nyuma kuangalia ni nani anayecheka kishenzi namna ile. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Alijiambia anakwenda kuhakikisha kama binti hajaja. Akahakikisha Jumamosi ile, na iliyofuata, na kwa miaka miwili hakukosa kuhakikisha. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kumtazama shangazi wa marehemu mumewe, ambaye mguu unamsumbua. Shangazi yule maskini, mwenye miguu miwili mizima kabisa, alipata kutokana na filamu za Jalala vidonda, uvimbe, na karibu wamkate.

Filamu zilikuwa nane, na Mama Pasi alizijua kama anavyojua vikapu vyake. Aliwajua watu wanaozikosoa, na alikubaliana nao kwa kila kitu. Ni kweli zilikuwa chafu. Ni kweli kipaza sauti kilining'inia juu ya vichwa vya watu kama popo. Matumbo yaliyomwagika kwenye *Daktari Amesahau Mkasi* yalikuwa soksi ndefu za kike zilizojazwa pamba, na moja ilikuwa na kiraka. Katika kila filamu, mahali fulani, paka yuleyule wa kijivu alipita nyuma akiwa na shughuli zake. Wengine waliyaona hayo wakazomea. Yeye aliyasubiri. Paka akichelewa, alianza kuwa na wasiwasi naye kama wa binti.

Damu tu ndiyo iliyomkera. Damu anaijua. Damu ya kweli ikikauka inakuwa kahawia, inashika kwenye nyuzi, ukiitia maji ya moto umejimaliza, haitoki tena. Damu ya Jalala ilibaki nyekundu kama pilipili mpaka mwisho wa filamu.

Na Jalala mwenyewe alikuwa mteja wake. Kikapu cha kumi na moja. Alikuwa mtu mdogo, mpole, mwenye leso iliyokunjwa mara nne mfukoni, na mashati yake yalikuja kufuliwa yakiwa masafi kuliko ya wengine yakirudi. Kola haina hata mstari. Mwanzoni Mama Pasi alidhani anadanganywa. Akachunguza, akanusa, akaangalia makwapa. Hakuna kitu. Mtu aliyewafanya watu watapike kwenye skrini ndiye peke yake mtaani asiyekuwa na cha kuficha kwenye kikapu. Miaka miwili alimkabidhi mashati, akamwambia haya baba, karibu tena, na hakuwahi kuthubutu kumwambia neno jingine.

Sasa, kila mteja alikuwa na alama yake. Si jina, maana jina kwenye nguo linaaibisha. Ni uzi. Ndani ya kola au kwenye bitana, mahali ambapo mwenye nguo haangalii, Mama Pasi alishona mishono midogo, rangi na idadi tofauti kwa kila mtu, ili nguo zisichanganyike. Hakuna aliyejua alama hizo isipokuwa yeye.

Filamu ya nane iliitwa *Maiti Ameomba Chai*. Mzee mmoja tajiri amelala kwenye jeneza sebuleni kwake, uso umepakwa unga. Ndugu wamekaa kumzunguka, wanagawana viti vyake. Wanapofika kwenye kiti anachokipenda, maiti anakaa kitako, anaomba chai, anakunywa kikombe chote huku ikimtoka shingoni kupitia tundu la risasi, kisha anawafukuza ndugu mmoja mmoja na kuwalazimisha waingie jenezani wao. Mwishoni anateleza kwenye dimbwi la ile damu nyekundu na kuanguka chali, miguu juu, koti likamfunika kichwa.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama Pasi peke yake hakucheka. Koti lilipofunuka, bitana ilijaa skrini nzima, na pale kwenye mshono wa kwapa aliona mishono miwili ya kijani, na mmoja mweupe ukiikata katikati.

Hiyo ilikuwa alama ya Mzee Karani, mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, mtu wa kukohoa kabla ya kusema, ambaye hata akinunua nyanya anataka ziandikwe. Mama Pasi akakumbuka kwamba miezi mitatu nyuma Mzee Karani alileta koti lile likiwa limelowa wekundu mgongo mzima, akasema ameanguka mtaroni. Yeye alilinusa akakuta unga wa ngano na kakao, akajisemea mitaro ya siku hizi ina mambo. Akalifua, akalinyoosha, akanyamaza, kama kawaida yake.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka Jalala atengeneze ya tisa, kama si Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, na kustaafu kwenyewe alikuwa hajakumaliza. Bado alisahihisha vibao vya maduka. Alikuwa mwanamke wa haki, asiyesema asichokiamini, na ndiyo maana aliogopwa. Aliposikia watoto wakicheza mchezo wa kufufuka wakiwa na unga usoni, aliita kikao cha wazazi na madai mawili: banda la video lifungwe, na Jalala atafutiwe mtaa mwingine. Halafu akaja kwenye mlango wa bluu.

"Wewe utasema kwa niaba ya akina mama," alimwambia Mama Pasi. "Mimi nikisema, watasema mwalimu amezoea kukemea. Wewe wanakuamini. Usihangaike na maneno, nimekuandikia."

Akaweka karatasi juu ya meza ya kupigia pasi. Mama Pasi, aliyesoma mpaka darasa la saba na kulipenda, aliutazama mwandiko ule ulionyooka kama nguo zake mwenyewe. Alitafuta sababu ya kukataa. Alizipata nyingi, ila hakuna hata moja inayosemeka. Na kulikuwa na jambo la binti. Binti alikuwa ameitwa kwenye chuo cha uuguzi, na kabla ya mwisho wa mwezi alitakiwa apeleke barua ya tabia njema kutoka kwa mtu anayeheshimika. Mwalimu alikuwa ameahidi kuiandika. Barua yenye saini ya Mwalimu ilifungua milango ambayo funguo zilishindwa.

"Na ile barua ya mwanangu, Mwalimu?"

"Tukimaliza kikao nitakaa niiandike kwa utulivu."

Hakumaanisha kumtisha. Alikuwa mtu wa kufanya jambo moja kwa wakati. Lakini Mama Pasi hakuhitaji msaada wa mtu ili atishike, na wiki ile aliunguza foronya mbili, jambo lililokuwa halijatokea tangu msiba wa mumewe. Alijua asiposoma karatasi ile, barua haipo. Akiisoma, banda halipo, na Jumamosi zitabaki za kumwamkia kila mtu na kunyamaza, basi. Aliamua atasoma. Mama gani angeamua vingine. Alijifunza ile karatasi kama shairi, isipokuwa alisoma maneno tu, hakuruhusu akili iyafuate, kwa kuogopa kulia.

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri kwenye darasa la nne. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na kwa namna fulani kila mtu akaanza kuwa na tabia aliyokuwa nayo darasa la nne. Mzee Karani alikaa mbele na daftari la kumbukumbu, amevaa lile koti. Binti wa Mama Pasi alikuwa dawati la tatu. Jalala alikaa karibu na mlango, leso mfukoni, na alipoulizwa kama ana la kusema akajibu kwamba amekuja kusikiliza. Alikuwa akitazama magoti ya watu kwa furaha ya mtu aliyepata wazo.

Mwalimu alieleza hoja. Kisha Mama Pasi akaitwa, akasimama, akafungua karatasi. Sentensi ya kwanza aliisoma vizuri: akina mama wa mtaa huu tumesikitishwa na filamu chafu zinazoonyeshwa karibu na watoto wetu. Watu wakatikisa vichwa. Akaenda ya pili.

"Kwa mfano, ile ambayo maiti anafufuka na kula keki ya harusi."

Akasimama hapo. Alitaka kuendelea. Macho yalishafika kwenye sentensi ya tatu, lakini ulimi ulikataa kuondoka kwenye ya pili. Huyu alikuwa mtu ambaye hakuweza kurudisha shati likiwa na kifungo kimoja kimelegea, hata kama mwenyewe asingegundua, hata kama mwenyewe alikuwa mkorofi.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Hapa pamekosewa."

"Wapi?"

"Maiti hakula keki. Aliyekula keki ni mkwe, kwenye ile ya pipa. Maiti aliomba chai."

Dawati moja lililia, kisha likanyamaza. Mwalimu alivua miwani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mwalimu aliyeona mtoto wake bora ana karatasi ndani ya soksi.

"Umejuaje?"

Angeweza kusema ameambiwa na wateja. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, umeshapigwa pasi. Lakini binti yake alikuwa akimtazama, na Mama Pasi akakumbuka alivyomkagua mtoto yule pindo za sketi kwa miaka yote.

"Nimeziona," alisema. "Zote nane. Ya pipa mara kumi na nne."

Mtu fulani nyuma alicheka puani. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa, mama mzima kama yeye anapata nini mle ndani.

Mama Pasi alikunja karatasi mara mbili, akainyoosha mkunjo kwa kucha.

"Mimi nafua nguo zenu, Mwalimu. Jumatatu mpaka Ijumaa naona tulivyo. Jumamosi mnazivaa, mnapita mbele yangu, nami nawaamkia kama vile sijaona kitu. Huyu baba ndiye mtu peke yake niliyemwona anamwaga uchafu mbele za watu na hasemi ni wa jirani. Filamu ni chafu, sikatai. Na damu yake ni mbaya, inanikera. Lakini nikitoka mle ndani nina nguvu ya kufua tena."

Akaketi. Alijua barua imekwenda. Alitazama mikono yake, myeupe kwenye vidole kama ilivyo mikono ya madobi, akaanza kumfikiria mtu mwingine anayeheshimika aliye na kalamu.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha somo katikati. Alisema basi, tuseme watazamaji wana sababu zao. Je, wale wanaoigiza? Hao si ni walevi wanaookotwa barabarani? Yule maiti, kwa mfano, lazima ana familia. Atajwe, familia yake imsaidie. Watu wakaona hilo ni la maana. Sauti tatu nne zikauliza, eti Mama Pasi, wewe uliyeona, maiti ni nani?

Mbele, kalamu ya Mzee Karani ilisimama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku aliyopakwa unga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kumfulia, alimtazama dobi wake machoni, na mkono wake wa kushoto ukashika kola ya koti na kuifunga.

Mama Pasi alisimama tena.

"Mimi ni dobi," alisema. "Nikianza kutaja nguo ya nani nimeiona wapi, humu ndani hatabaki mtu kwenye dawati."

Hakusema kwa ukali. Wala hakukusudia kumtisha mtu. Alikuwa akieleza tu miiko ya kazi. Lakini darasa zima likaingiwa na baridi. Bwana wa kola akakumbuka kola. Bibi wa aproni akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Kila mmoja alirudi moyoni kwenye kikapu chake, akakifunua, akakifunika haraka. Ghafla wote wakaona kwamba kikao kimekuwa kirefu, na kwamba suala lenyewe si kubwa kiasi hicho. Aliyecheka puani akapendekeza kiwekwe kibao mlangoni, watoto wasiingie, yaishe. Wakaunga mkono kabla hajamaliza.

Mzee Karani akakohoa. Alitangaza uamuzi: banda libaki, kibao kiwekwe, bwana mtengenezaji aendelee kukaa anapokaa. Alikuwa ameokoka. Alichotakiwa kufanya ni kufunga daftari na kwenda nyumbani. Akalifunga. Kisha akalifungua tena.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," alisema, "naomba iandikwe sawasawa. Maiti aliomba chai *bila sukari*."

Watu walitazamana. Walielewa tu kwamba mwenyekiti naye huenda kule Jumamosi, na hilo likawatosha kwa wiki nzima. Pale mlangoni Jalala alitoa leso yake iliyokunjwa mara nne na kuficha uso.

Njiani kurudi nyumbani, mama na binti walitembea bega kwa bega mpaka walipofika kwenye nguzo ya umeme iliyopinda.

"Mama. Mguu wa shangazi ulipona lini?"

"Haukuwahi kuuma."

Binti alisimama. "Mimi nimekuwa nikimwombea."

"Endelea tu. Haimdhuru."

Kisha binti akacheka, na Mama Pasi akashtuka, kwa sababu kilikuwa kile kile: kikubwa, kibaya, cha kukoroma. Hakujua kwamba kinarithiwa. Akataka kumwomba radhi kwa ajili ya barua, lakini binti alimwambia waache kwanza, atamwomba mhasibu wa shule, ingawa wote wawili walijua mhasibu wa shule ana kesi.

Jumanne Jalala alileta mashati yake. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye mashati matano safi.

"Umesema damu yangu ni mbaya," alisema.

"Samahani, baba. Ilinitoka tu."

"Nielekeze."

Akamwelekeza. Alimweleza jinsi damu inavyobadilika saa ya kwanza na ya pili, inavyoshika ukingoni kuliko katikati, inavyoacha duara. Alizungumza kama hajazungumza na mtu miaka ishirini na miwili, na Jalala akasikiliza ameinamisha kichwa, hata mara moja hakumkatiza. Alipomaliza, Jalala aliinua kichwa.

"Nikiifanya hivyo itafanana na ya kweli," alisema kwa upole. "Watu wataingiwa na huruma. Mimi nataka wacheke." Akaweka mashati kwenye kikapu cha kumi na moja, akamwuliza kama paka ameanza kuchosha. Mama Pasi akasema hapana, baba, paka usimtoe, na jioni nzima alipiga pasi akiwa na raha ya mtu aliyeombwa ushauri.

Jumamosi alikwenda bandani uso wazi, bila kitambaa. Mlangoni kulikuwa na kibao kipya, na kwenye benchi la nyuma, mahali pake pa miaka miwili, alikuwa amekaa mwanamke aliyejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Mgongo umenyooka kama rula. Mama Pasi aliujua mgongo ule. Amenyoosha mablauzi yake tangu wakati wa ukuu wa shule. Alipita kimya akaketi mbele. Ilikuwa ile ya pipa. Alitamani sana kugeuka pale pipa linapopasuka, na shingo ilimwuma kwa kujizuia. Taa zilipowashwa, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Jumatatu nguo za kikapu cha tatu, cha Mwalimu, zililetwa na msichana wake wa kazi. Kulikuwa na mapazia, mablauzi mawili, na chini kabisa bahasha isiyotiwa gundi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema binti huyu ni mwadilifu na mwenye bidii, na kwamba ametoka kwenye nyumba isiyoficha kitu, jambo ambalo mwandishi amelihakikisha yeye mwenyewe. Mama Pasi aliisoma mara tatu akitafuta kosa. Halikuwapo. Akamwita binti kwa sauti iliyomfanya aje mbio akidhani mama ameungua.

Walipomaliza kushikana na kuachana, alirudi kutenganisha nguo. Ndani ya mkono wa blauzi moja akakuta leso. Ilikuwa imelowa mpaka ikakauka ngumu, imekunjwakunjwa, na alama ya poda ya uso pande zote mbili. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa. Machozi, bila shaka, na mengi. Lakini kama ni ya kulia kwa ajili ya maadili ya mtaa au ni yale mengine, hapo, pamoja na kazi yake yote ya miaka ishirini na miwili, hakuweza kusema. Yanaacha doa moja.

Akaitia kwenye maji ya baridi, peke yake, na kuifua kwa mkono.